Runinga mpya iliyokuwa ikizimika kwa sekunde tatu

Saa tatu usiku kaka alinipigia simu, na salamu zilikuwa fupi. "Mdogo wangu, hii runinga tuliyonunua ni mbovu. Inazimika." Nikamuuliza inazimika vipi: taa ndogo ya chini inabadilika? Sauti inabaki au nayo inapotea? Akasema kioo kinakuwa cheusi, sauti inakatika, ukihesabu moja, mbili, tatu, picha inarudi kama vile hakuna kilichotokea. Baada ya dakika kumi, tena. Taa ya chini haibadiliki. "Kesho naifunga kwenye boksi lake, nairudisha dukani."

Nilimwomba asiifunge. Runinga ile tulikwenda kuichagua pamoja, ilikuwa na siku sita tu ukutani, na dalili alizonitajia hazikufanana na za runinga mbovu. Taa za nyuma ya kioo zikifa, sauti huendelea kusikika gizani. Kioo chenyewe kikiharibika, unaona mistari au doa lisiloondoka. Sehemu ya umeme ikisumbua, runinga huzima kabisa au hujiwasha upya na kukuonyesha nembo ya kampuni. Picha na sauti zikipotea kwa pamoja na kurudi kwa pamoja, huku runinga yenyewe ikiwa macho muda wote, mimi hutazama kwanza njia iliyopo kati ya kifaa kinachotuma na kifaa kinachopokea.

Kisa hiki nakieleza kwa urefu kwa sababu kazi yangu ndiyo hii, kufunga vifaa vya picha na sauti, na bado chanzo cha tatizo lile kilikuwa swali moja ambalo sikuliuliza siku ya kununua.

Tulivyoichagua

Sebule ya kaka si kubwa. Kutoka mgongo wa kochi refu hadi ukuta wa runinga ni mita 2.6, nilipima kwa futi ya kamba. Upande wa kushoto kuna dirisha, na chini ya dirisha hilo kuna kiti cha mama, ambaye huitazama runinga kwa pembeni kabisa. Runinga ya zamani ilikuwa ya inchi 32, yenye nukta (vidoa vidogo vya mwanga vinavyounda picha) 1366 kwa 768. Vifaa vingine vyote, yaani king'amuzi, ruta na kile kisanduku cha kutazamia filamu za intaneti, vimo ndani ya kabati lililo kwenye kona ya pili ya chumba.

Kaka alitaka inchi 65. Hilo tulilimaliza haraka. Inchi zinazoandikwa kwenye boksi hupimwa kutoka pembe hadi pembe ya kioo, kwa mshazari, na ukizigeuza kuwa upana, runinga ya inchi 65 inafikia karibu sentimita 145 pamoja na fremu. Ukuta ule, kati ya mlango na kabati, ulikuwa na sentimita 140. Ya inchi 55 ina upana wa sentimita 123 hivi. Ikakaa.

Suala la 4K lilituchukua muda mrefu zaidi, na nadhani wanunuzi wengi hawaelezwi sawasawa. Kioo cha 4K kina nukta 3840 kwa 2160, jumla milioni 8.3 hivi, mara nne ya kile cha 1920 kwa 1080. Lakini jicho lina mpaka wake. Jicho zima la kawaida hutenganisha vitu viwili vikiwa na pembe ya sehemu moja ya sitini ya digrii kati yao. Kwenye runinga ya inchi 55 yenye nukta 1920 kwa upana, kila nukta ina takriban milimita 0.63, na ukisimama mbali zaidi ya mita 2.2 hivi, jicho hilo haliwezi tena kuzihesabu. Kaka hukaa kwenye mita 2.6. Kwa ukali wa picha peke yake, basi, faida ya 4K kwenye kochi lake ni ndogo mno. Nilimwambia hivyo dukani mbele ya muuzaji. Tulichukua 4K kwa sababu ya mambo mengine yanayokuja nayo: rangi pana, uwezo wa HDR (wa kuonyesha giza na mwanga kwa upana zaidi), na ukweli kwamba kwa ukubwa ule runinga nyingi zilizokuwa zimepangwa pale zilikuwa 4K.

Aina ya kioo iliamuliwa na kiti cha mama. Runinga nyingi zinazoitwa LED ni vioo vya LCD vinavyomulikwa na taa ndogo kwa nyuma au kwa pembeni, na hata zile za QLED ni LCD zilizoongezewa tabaka la kuboresha rangi. Ndani ya LCD kuna jamii mbili kubwa. Ya VA ina weusi mzito lakini ukienda pembeni rangi zinafifia. Ya IPS weusi wake unaelekea kijivu, ila mtu wa pembeni anaona karibu sawa na wa katikati. Usitegemee maandishi ya boksi kwa hili. Tulisimama mbele ya runinga mbili zilizokuwa zikionyesha picha ileile, tukatembea polepole kwenda kushoto, hatua kwa hatua, tukitazama uso wa mtu kwenye picha. Kwenye ya kwanza uso ulianza kupauka tulipofika kama pale kiti cha mama kilipo. Kwenye ya pili ulibaki uso. Tukachukua ya pili.

OLED ilikuwepo pia, nzuri kuliko zote, kila nukta ikijiwashia taa yake na kujizima kabisa panapotakiwa giza. Na kwa pembeni inaonekana vizuri. Lakini kaka huwasha chaneli ya habari asubuhi na kuiacha hadi jioni, ile yenye ukanda wa maandishi chini na nembo isiyohama kwenye pembe, na kitu kikikaa mahali pamoja namna hiyo kwa miezi, kioo cha OLED kinaweza kubaki na alama yake. Kwa matumizi ya nyumba hii niliikataa bila kusita.

Kisha nikageuza runinga ya maonyesho nikaangalia mgongo wake, na wateja wengi hawafanyi hivyo. Matundu matatu ya HDMI, yaani ya waya mmoja unaobeba picha na sauti kwa pamoja, yote yakitazama pembeni, jambo jema kwa runinga ya kubandikwa ukutani, maana tundu linalotazama nyuma hukunja waya kwa nguvu ukishaisukuma runinga ukutani. Moja la matundu hayo lilikuwa na maandishi ARC, la kurudishia sauti kwenye spika. Tundu la antena, la sauti inayosafiri kwa waya wa mwanga, la mtandao. Mashimo manne ya kufungia bano, kile chuma kinachoishika runinga ukutani, yaliachana milimita 200 kwa 200, sawa na bano la zamani.

Nikamuuliza kaka kuhusu nyaya. Akanijibu, "Nyaya zipo, zimepita ndani ya ukuta tangu tulipofunga ile ya kwanza." Nikafurahi kusikia hivyo. Sikuuliza za mwaka gani, za urefu gani, za daraja gani.

Siku nne za amani

Tuliifunga Jumamosi. Nyaya mbili za HDMI zilitokeza kwenye tundu la ukutani kama zilivyoachwa, moja ya king'amuzi na moja ya kisanduku. Nikazichomeka, picha ikaja. Nikaondoa ile hali ya picha ya dukani, ambayo huongeza mwanga na kuivuta rangi nyeupe kuelekea bluu ili runinga ing'ae kati ya wenzake, nikaweka hali ya sinema. Siku ya kwanza macho huiona kama imechuja. Kufikia siku ya tatu shemeji alikuwa akisema sasa watu wana rangi za watu.

Jumatano nilipita kuwasalimu. Kaka akaniuliza, "Boksi limeandikwa HDR, mbona hiyo HDR siioni?" Swali la haki. HDR ni njia ya kutuma picha yenye nafasi kubwa kati ya giza na mwanga, na kwa kawaida hutumia biti 10 (biti ni tarakimu ya sifuri au moja) kwa kila rangi badala ya 8, yaani ngazi 1024 badala ya 256. Nikaingia kwenye mipangilio ya runinga. Runinga nyingi zina swichi kwa kila tundu la HDMI, inayoruhusu tundu hilo kupokea ishara nzito, na mara nyingi hutoka kiwandani ikiwa imezimwa ili vifaa vya zamani visisumbuke. Yake ilikuwa imezimwa. Nikaiwasha. Kisanduku kikatambua, alama ya HDR ikatokea kwenye pembe ya kioo, tukatazama robo saa ya filamu, moto kwenye tukio la usiku ukawa moto kweli. Nikaenda zangu nikiwa nimeridhika.

Kesho yake usiku ndipo simu ikapigwa.

Kutafuta

Nilifika Ijumaa jioni. Familia nzima ilikuwa imeshafanya uchunguzi wake. Shemeji alishuku umeme, kijana wao alishuku intaneti, kaka alishuku runinga. Kila mmoja alikuwa na sababu ya maana, kwa hiyo nilianza na vitu walivyovitaja wao.

Niliwasha filamu ileile waliyokuwa wakiitazama, lakini kwa programu iliyomo ndani ya runinga yenyewe, bila kisanduku. Tukakaa dakika arobaini. Haikuzimika hata mara moja. Hilo peke yake liliiondolea runinga lawama ya kioo na taa, likauondoa umeme, na kwa kiasi kikubwa likaiondoa intaneti, maana zote tatu zilikuwa zikitumika vilevile. Kisha king'amuzi kwa nusu saa. Salama.

Kisanduku sasa. Dakika ya sita, kioo cheusi. Moja, mbili, tatu, picha.

Nikasogea hadi nusu mita kutoka kwenye kioo nikasubiri tukio la giza. Hapo niliona jambo ambalo kutoka kwenye kochi hakuna aliyeliona: nukta nyeupe, ndogo kama punje za chumvi, zikitokea na kupotea hapa na pale kwenye weusi. Chenga, lakini si zile za antena zinazoijaza picha nzima. Hizi zilikuwa moja moja, mbili mbili, na picha iliyozizunguka ilikuwa safi kabisa, rangi zake kamili. Mtu anayezijua chenga hizi akiziona, nusu ya kazi imeisha.

Nusu nyingine ilikaribia kunipoteza. Nikahamisha nyaya: kisanduku nikakiunganisha kwenye waya wa king'amuzi, nikitarajia tatizo litoweke. Halikutoweka. Kioo cheusi, chenga, vilevile. Kwa mantiki ya haraka ningesema kisanduku ndicho kibovu, na kaka alishaanza kusema hivyo. Lakini nyaya zile mbili zilinunuliwa siku moja na kupitishwa kwenye bomba moja. Kubadilisha waya kwa ndugu yake pacha si kipimo.

Kwa hiyo nilikitoa kisanduku kabatini, nikakibeba hadi kwenye runinga, nikakiunganisha kwa waya wangu mfupi wa mita moja na nusu ninaotembea nao kwenye mkoba. Saa nzima. Hakuna punje hata moja. Nikakirudisha kabatini kwenye waya wa ukutani, nikashusha mpangilio wake kutoka 4K hadi 1080. Salama. Nikapandisha tena 4K lakini nikazima ile swichi niliyoiwasha Jumatano. Salama. Nikaiwasha swichi. Dakika nne, cheusi.

Runinga ilikuwa nzima na kisanduku kilikuwa kizima. Waya nao, kwa kazi uliyonunuliwa kufanya, ulikuwa mzima.

Hesabu ya waya

Nililala chini nyuma ya kabati na tochi ya simu, nikafuta vumbi kwenye ganda jeusi la waya. Maandishi meupe yaliyofifia yalisomeka High Speed HDMI Cable. Kaka akakumbuka kuwa fundi alizipitisha mwaka 2012, na kwa kupima njia ya bomba, urefu ulikuwa mita 8.

Daraja hilo la High Speed linahusishwa na gigabiti 10.2 kwa sekunde, kiwango cha juu cha HDMI 1.4 iliyotoka mwaka 2009. Mwaka 2012 hakukuwa na sababu ya kutaka zaidi. HDMI 2.0, iliyopandisha kiwango hadi gigabiti 18, ilitangazwa mwaka 2013, yaani nyaya zikiwa tayari ndani ya ukuta.

Sasa tuangalie mzigo. Ishara ya 4K hutuma nukta za picha pamoja na nafasi tupu kati ya mistari na kati ya picha, kwa hiyo waya hubeba nafasi 4400 kwa 2250, mara 60 kwa sekunde: milioni 594 kila sekunde. Kila nukta ina biti 24, nane kwa kila rangi. Hapo ni gigabiti 14.26. Kisha HDMI ya kizazi hicho huandika kila biti nane kwa kutumia biti kumi ili mpokeaji asipotee, na jumla inafika gigabiti 17.82 kwa sekunde. Ukiongeza HDR, kisanduku hupunguza kidogo taarifa za rangi ili biti za ziada zitoshee, na mzigo unabaki palepale, 17.82. Ishara ya king'amuzi, 1080 kwa picha 60, ukiipigia hesabu hiyohiyo unapata gigabiti 4.46 tu.

Na siku nne za mwanzo, kwa nini ilikubali 4K bila shida? Kwa sababu swichi ilikuwa imezimwa. Kisanduku kiliiuliza runinga inaweza kupokea nini, runinga ikajibu kwa unyenyekevu, na kisanduku kikatuma 4K ambayo mwanga wa kila nukta umo lakini rangi moja inagawanywa kwa nukta nne jirani. Njia hiyo hupunguza mzigo hadi nusu, gigabiti 8.91, chini ya 10.2. Waya wa zamani ukabeba. Jumatano nilipowasha swichi niliuongezea mzigo maradufu, bila kujua unapita wapi.

Urefu nao una mchango wake, tena mkubwa. Waya wa High Speed wa mita moja mara nyingi hubeba gigabiti 18 bila kulalamika, ingawa haukupimwa kwa kazi hiyo. Shaba hudhoofisha mitetemo ya kasi kuliko ile ya polepole, na kila mita inaongeza udhaifu. Mapigo yanayoondoka kabatini yakiwa na kingo kali hufika mita ya nane yakiwa yamelegea, kingo zimekuwa mviringo, na mpokeaji anaanza kubahatisha ipi ni moja na ipi ni sifuri. Akikosea mara moja moja, nukta moja inapata rangi isiyo yake: punje ya chumvi. Makosa yakizidi, runinga inapoteza mapigo ya kuhesabia, au ule ukaguzi wa hakimiliki unaofanyika muda wote kati ya vifaa unavunjika, na pande mbili zinalazimika kusalimiana upya. Zile sekunde tatu za giza ni salamu hizo.

Ndiyo maana rangi hazikufifia na picha haikuwa na ukungu. Waya wa zamani wa nyekundu, nyeupe na njano ukichoka, picha huchoka nao taratibu. HDMI haifanyi hivyo. Picha ni kamili, kamili, kamili, kisha haipo. Anayekuuzia waya kwa kukuambia utafanya rangi ziwe tamu zaidi au weusi uwe mzito zaidi hasemi kweli. Waya unaofikisha biti zote umemaliza kazi yake, na mwingine ulio bora kuliko huo hauna cha kuongeza. Dhahabu iliyopakwa kwenye meno ya kichwa cha waya husaidia meno hayo yasishike kutu, basi.

Njia tulizokuwa nazo

Ya kwanza ilikuwa kuzima swichi na kuiacha. Niliiweka mezani kwa uzito, si kama njia ya kukata tamaa. Filamu za intaneti zenyewe huhifadhiwa zikiwa na rangi iliyogawanywa kwa nukta nne, kwa hiyo upande huo kaka asingepoteza kitu cha kuonekana. Angepoteza HDR. Na kwa runinga yake, yenye taa za pembeni na mwanga wa wastani, HDR haikuwa ajabu kubwa mchana. Usiku taa zikipunguzwa, tofauti ipo. Kaka alishauona ule moto Jumatano. Alisema anautaka.

Ya pili, waya mpya ukutani. Kwa mita 8 na gigabiti 18, waya wa shaba mtupu unakuwa mpakani. Baadhi huweza, wengine hawawezi, na mimi sipendi kufungia mpakani kitu kitakachozikwa. Kinachofaa umbali huo ni waya wa HDMI unaobeba ishara kwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo, wenye chombo kidogo cha kugeuza kwenye kila kichwa. Huo una mwelekeo: kichwa kimoja ni cha kifaa kinachotuma na kingine ni cha runinga, na ukiupitisha kinyume utautoa wote tena. Tatizo lilikuwa bomba. Kichwa cha HDMI, pamoja na plastiki yake, kina upana wa sentimita 2 hivi. Bomba la kaka lilikuwa jembamba, lenye kona mbili za digrii 90, na nyaya mbili zilikuwa tayari humo. Ingebidi kuvunja ukuta. Shemeji alitazama ukuta uliopakwa rangi miezi mitatu iliyopita, akanitazama mimi. Hatukuendelea na njia hiyo.

Ya tatu ilitokana na kipimo chenyewe. Kisanduku kilifanya kazi vizuri kilipokuwa kando ya runinga. Kwa nini kirudi kabatini? Kisanduku hakihitaji kingine ila umeme na intaneti. Soketi ilikuwepo nyuma ya runinga, na kisanduku ni kidogo kuliko kiganja. Nilikagua mambo mawili kabla ya kukubali. Rimoti yake hutumia mawimbi ya redio, si mwanga usioonekana, kwa hiyo hakuna haja ya kuonana nayo uso kwa uso. Na intaneti ya bila waya, nilipoipima pale nyuma ya runinga, ilikuwa juu ya megabiti 50 kwa sekunde, wakati filamu ya 4K kwa kawaida inatosheka na 15 hadi 25. Nikakibandika kwenye bano, upande wa chini, nikiacha nafasi ya hewa kati yake na mgongo wa runinga, maana vyote viwili hutoa joto.

Waya tuliununua wa mita moja, wenye lebo ya Premium High Speed. Daraja hilo hupimwa kwa gigabiti 18, na lebo yake ina mraba wa kuchanganua kwa simu unaothibitisha kwamba waya ulipita kwenye vipimo. Juu yake kuna Ultra High Speed, gigabiti 48, ambao ungehitajika kama kijana angekuwa na mashine ya michezo inayotuma 4K kwa picha 120 na runinga inayozipokea. Hana, nayo haizipokei. Kwenye rafu kulikuwa pia na nyaya zilizoandikwa HDMI 2.0 na HDMI 2.1 bila kutaja daraja. Namba hizo ni za vifaa. Waya hutambuliwa kwa daraja lake, na nikikosa jina la daraja kwenye waya, naurudisha kwenye rafu.

Tulipokuwa tumeshafungua kila kitu, spika ndefu ya kaka nayo ikapata njia bora. Ilikuwa ikipokea sauti kwa waya wa mwanga, na kila mara walilazimika kutumia rimoti mbili. Nikaihamishia kwenye tundu lenye maandishi ARC, na sasa rimoti ya runinga inapandisha sauti ya spika. Kwa kazi hiyo ya kurudisha sauti, waya mwingine wa kawaida wa High Speed nilioukuta kabatini ulitosha kabisa.

King'amuzi kilibaki kabatini, kwenye waya uleule wa mita 8. Gigabiti 4.46 kwenye njia ya 10.2: utaendelea kukibeba miaka mingi. Swichi ya tundu lake nimeizima. Ya kisanduku inawaka.

Jumapili kaka alinipigia tena, saa tatu ileile. Walikuwa wametazama filamu mbili mfululizo na mama alilala kwenye ya pili. Hakuna kilichozimika.

Kabla sijaondoka Ijumaa ile nilikata vipande viwili vya utepe mweupe, nikavifunga kwenye ncha zote mbili za ule waya wa pili uliobaki bila kazi ndani ya ukuta. Nimeviandika kwa kalamu isiyofutika: mita 8, High Speed, 2012, hadi 1080.